MTU ALIYEZIMA MTAMBO WA NOTI

Mfanyakazi apokeapo mshahara wake mwisho wa mwezi hapokei chakula wala nguo. Apokea karatasi, na ndani ya karatasi ile mna ahadi. Ahadi yenyewe ni kwamba kesho dukani atapewa kitu kilicho sawa na jasho alilolitoa jana. Ahadi hiyo ikivunjwa, mshahara wake umekatwa pasipo barua, wala hajui amshitaki nani. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyeifahamu kweli hiyo, ingawa alikuwa katika chama ambacho wengi wa wakuu wake waliwahi kuamini kwamba fedha yenyewe ilikuwa karibu kufa na kusahauliwa. Mtu huyo ni Grigori Sokolnikov, Kamisaa wa Fedha wa Urusi ya Wasovieti tangu mwaka 1922 hata 1926, cheo kilicho sawa na Waziri wa Fedha.

Alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Romny, nchi ya Ukraine, mwana wa daktari wa Kiyahudi. Jina la ukoo wake lilikuwa Brilliant. Sokolnikov ni jina alilojitwalia katika kazi za siri. Mwaka 1905, akiwa bado kijana wa shule, alijiunga na Chama cha Wabolsheviki. Miaka miwili baadaye alikamatwa na polisi wa mfalme, kisha akapelekwa uhamishoni Siberia. Akatoroka, akafika Paris, na huko akasoma sheria na elimu ya uchumi hata akahitimu mwaka 1914. Mwezi wa Aprili 1917 alirudi kwao pamoja na Lenin katika gari moshi lile mashuhuri lililopita katikati ya Ujerumani. Hivyo alikuwa mtu wa namna ya pekee miongoni mwa wenziwe: alijua gereza, alijua jukwaa, na alijua pia kusoma daftari la hesabu.

Mapinduzi yalipotokea, alikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuyatwaa mabenki ya watu binafsi na kuyafanya mali ya dola, mwezi wa Desemba 1917. Mwezi wa Machi 1918 alikuwa mkuu wa ujumbe uliotia sahihi mapatano machungu ya amani na Ujerumani huko Brest-Litovsk. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe aliongoza Jeshi la Nane, na mwaka 1920 akatumwa Turkestan. Mabenki yale aliyosaidia kuyatwaa yaliunganishwa kuwa Benki ya Umma, nayo mwezi wa Januari 1920 ikafungwa kabisa, kwa kuwa waliotawala waliona kwamba haina kazi tena. Chakula kiligawanywa kwa kadi, viwanda vilipeana vitu kwa hati za serikali, na barua na safari za gari moshi zikawa bure kwa wengi. Lakini mtambo mmoja haukupumzika, usiku wala mchana: mtambo wa kuchapa noti.

Yatupasa tueleze jinsi mtambo ule ulivyofanya kazi, maana hila yake hairidhii nchi moja tu. Serikali isiyo na kodi ya kutosha ina gharama zake, askari na makarani wangoja malipo. Ikichapa noti, yanunua vitu leo kwa bei ya leo. Noti zikisha kuenea sokoni, vitu havikuongezeka, ila karatasi zimeongezeka. Basi bei zapanda. Aliyezitumia kwanza amefaidi, na aliyezipokea mwisho amepoteza. Na nani huyo wa mwisho? Mfanyabiashara aweza kuficha bidhaa zake na kungoja. Mkulima aweza kukaa na nafaka yake ghalani. Lakini mtu wa mshahara hana ghala; mali yake yote ni ile bahasha. Kuchapa noti pasipo kiasi, kwa hiyo, ni kodi isiyopitishwa na baraza lo lote, na anayeilipa zaidi ni maskini wa mjini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Urusi mwaka 1921. Viwanda vilikuwa magofu, na katika nchi za mto Volga njaa ilikuwa ikiua watu kwa mamilioni. Mwezi wa Machi mwaka ule Lenin na chama chake waligeuza njia: wakulima waliruhusiwa kuuza ziada ya mazao yao baada ya kutoa kodi, na biashara ndogo zikafunguliwa. Lakini soko bila fedha ya kuaminika ni kama kisima bila kamba. Tarehe 16 Novemba 1921 Benki ya Dola ilifunguliwa, na mwezi uo huo Sokolnikov akaingia katika uongozi wa fedha. Alikuwa na umri wa miaka 33. Yeye aliyekuwa amesaidia kuyafunga mabenki ya zamani sasa alitakiwa kuyajenga mapya, wala hakuona haya kulifanya jambo hilo.

Kwanza alitafuta watu wanaoijua kazi. Aliwapokea mabingwa wa utawala wa zamani, mathalani Nikolai Kutler, aliyewahi kuwa waziri wa mfalme, na mtaalamu wa uchumi Leonid Yurovsky. Wako waliomnung'unikia kwa kuwakaribisha maadui wa jana. Yeye aliona kwamba hesabu haibadiliki kwa kubadilika bendera, na kwamba mwenye kujenga nyumba humwita fundi.

Pili alifanya jambo ambalo kila mwenye nyumba hulijua: alitenganisha mfuko wa matumizi na mfuko wa akiba. Hazina ya serikali iliamriwa kutafuta mapato yake katika kodi, ushuru na mikopo. Huduma zilizokuwa bure zikatozwa malipo. Wizara zikapunguziwa watu na fungu. Kwa kuwa raia hawakuamini noti, mkopo wa kwanza wa serikali, mwaka 1922, ulihesabiwa kwa nafaka ya mkate mweusi, uzito wa poodi milioni 10, yaani kadiri ya tani 164,000. Serikali iliona afadhali kukopa kwa kipimo cha nafaka kuliko kwa kipimo cha fedha yake yenyewe, na ungamo hilo lilikuwa ndilo mwanzo wa tiba.

Tatu, tarehe 11 Oktoba 1922, Benki ya Dola ilipewa ruhusa ya kutoa noti mpya iitwayo chervonets, jina la sarafu za dhahabu za kale. Chervonets moja ilihesabiwa kuwa rubli 10 za dhahabu, yaani gramu 7.74 za dhahabu safi. Sheria ilitaka angalau robo ya noti hizo iwe na dhamana ya dhahabu, madini ya thamani, au fedha imara za kigeni. Iliyobaki ilindwe na hati za madeni ya muda mfupi na bidhaa zilizo rahisi kuuzwa. Maana yake ni kwamba benki haikuweza kutoa noti ila nyuma yake pana kitu. Waziri mwenye shida alipokuja kubisha hodi, benki sasa ilikuwa na neno la kumjibu, nalo lilikuwa katika sheria.

Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi nchi ilikuwa na fedha mbili. Chervonets ilikaa imara, na noti za zamani zikazidi kuoza. Bei ya moja kwa nyingine ilitangazwa kila siku. Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Chervonets ilikuwa noti kubwa, ya mabenki na viwanda, na mfanyakazi wa kawaida aliendelea kulipwa nyingi ya mishahara yake kwa karatasi iliyokuwa ikifa mkononi mwake. Mwenye kiwanda alishika fedha njema. Mwenye nyundo alishika mbaya. Katika majira ya joto ya mwaka 1923 mishahara ilichelewa, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa hasara. Wafanyakazi wa miji kadha wakagoma. Hawakukosa haki.

Mwanzoni mwa mwaka 1924 mambo yakatimizwa. Mtambo wa noti za zamani ukazimwa. Tarehe 7 Machi ilitolewa amri ya kuzikusanya: rubli moja mpya kwa rubli 50,000 za mwaka 1923, nazo kila moja ilikuwa imekwisha chukua mahali pa rubli milioni za zamani. Hesabu yake ni rubli milioni 50,000 za kale kwa rubli moja. Pamoja na noti ndogo zilitoka sarafu za fedha halisi. Juu ya nusu rubli palikuwa na sura ya mhunzi akipiga nyundo. Mhunzi yule sasa aliweza kupokea mshahara Jumamosi na kununua mkate Jumatatu kwa bei ile ile. Katika mwaka wa hesabu wa 1924-25 mapato ya serikali yalitosha matumizi yake.

Kando ya Benki ya Dola yaliota mabenki mengine: ya viwanda, ya vyama vya ushirika, ya kilimo, ya ujenzi wa miji. Benki za akiba zilifunguliwa tena ili mtu wa kipato kidogo aweke rubli yake bila hofu. Na mkopo ukawa fimbo ya adabu. Vuli ya 1923 viwanda vya dola viliuza vitu vyao kwa bei kubwa mno, hata mkulima akashindwa kununua jembe kwa nafaka yake, na bidhaa zikalala maghalani. Sokolnikov akawabania mkopo. Wakurugenzi, walipokosa fedha rahisi, walilazimika kushusha bei na kuuza.

Wako waliompinga kwa sababu zenye uzito. Walisema kwamba nchi maskini haiwezi kujenga viwanda vizito kwa kufuata adabu ya mshika daftari. Kwamba viwanda vilifungwa na watu wakakosa kazi kwa ajili ya uimara wa rubli yake. Ni kweli kwamba ukosefu wa kazi ulikuwa mkubwa miaka ile. Lakini twauliza: kiwanda kilichojengwa kwa noti tupu kimejengwa na nani, kama si mfanyakazi aliyenyang'anywa nusu ya mkate wake bila kuulizwa? Gharama ya kujenga haikwepeki. Lililo la haki ni kwamba mlipaji aambiwe wazi kiasi anacholipa.

Mtu azoeaye kusema hapana kwa wenye nguvu hupata maadui. Katika Mkutano Mkuu wa Chama wa Desemba 1925, Sokolnikov alisimama mbele ya wajumbe akatoa rai kwamba ukatibu mkuu, aliokuwa nao Stalin, usiwe cheo chenye kukusanya mamlaka kiasi kile. Mwezi uliofuata aliondolewa katika fedha. Mwaka 1926 serikali ilikataza chervonets kutolewa nje ya nchi, na dhamana yake ikalegea. Mtambo ukaanza kunguruma tena ili kulipia mipango mikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kadi za mkate zikarudi mijini. Mageuzi ya mikopo ya mwaka 1930 yaliifanya Benki ya Dola kuwa dirisha la kulipia yaliyokwisha amriwa kwingine. Ilibaki na jina la benki, lakini neno la hapana lilikuwa limeondolewa kinywani mwake.

Yeye mwenyewe alikuwa balozi mjini London tangu 1929 hata 1932. Mwaka 1936 alikamatwa, na Januari 1937 akahukumiwa miaka 10 katika kesi ya uongo. Yurovsky, msaidizi wake, alipigwa risasi mwaka 1938. Mwezi wa Mei 1939 Sokolnikov aliuawa gerezani. Dola ilimsafisha jina lake mwaka 1988, miaka 49 baada ya kifo chake.

Miaka minne tu baada ya kusafishwa huko, Urusi ilirudi njia panda ile ile, ikitoka katika uchumi wa amri kwenda katika uchumi wa soko. Katika mwaka 1992 bei zilipanda zaidi ya mara 25, na wazee walioweka akiba maisha yao yote waliona vitabu vyao vya benki havinunui tena kitu cha maana. Hapo wengi waliyafungua upya maandishi juu ya Kamisaa yule aliyesahauliwa.

Sisi twaona kwamba maisha yake yatufundisha jambo moja lisilozeeka. Nchi inayogeuza njia yake ya uchumi huweza kujenga majumba ya mabenki na kuyatia majina mazuri, wala isipate benki hata moja, ikiwa hapana aliye na ruhusa ya kumkatalia mkubwa asiye na fungu. Viongozi na wanachama wakisikia kwamba mshika hazina amekataa, wasiharakishe kumwita adui. Kwanza wamwombe daftari, wakae naye, wasome hesabu pamoja; maana huenda katika kukataa kwake ndimo ulimo mshahara wa mwezi ujao.