Andrei Ershov

Andrei Petrovich Ershov (19 Aprili 1931 – 8 Desemba 1988) alikuwa mtaalamu wa sayansi ya kompyuta kutoka Umoja wa Kisovyeti. Anajulikana hasa kwa kazi yake juu ya kompaila, yaani programu zinazotafsiri maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashine, na kwa juhudi zake za kuingiza somo la kompyuta shuleni.

Maisha ya awali

Alizaliwa Moscow. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Moscow, ambako Alexey Lyapunov alikuwa mmoja wa walimu wake, akahitimu mwaka 1954. Baadaye aliongoza kikundi kilichoandika programu ya kutafsiri kwa ajili ya BESM, mojawapo ya kompyuta za kwanza za nchi hiyo. Mwaka 1958 alitoa kitabu kuhusu kazi hiyo.

Hesabu zinazojirudia

Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kasi ndogo na kumbukumbu finyu, hivyo kila hatua iliyookolewa ilikuwa na thamani. Fomula mara nyingi hurudia sehemu ileile. Kwa mfano, katika (a + b) × c − (a + b) ÷ d, inatosha kujumlisha a na b mara moja na kutumia jibu hilo mara mbili, mradi a na b hazijabadilika katikati.

Marudio yanaweza kutafutwa kwa kulinganisha kila hesabu na zote zilizotangulia, lakini kazi hukua upesi: hesabu 100 hudai hadi milinganisho 4,950. Katika makala ya mwaka 1958, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka huohuo, Ershov alionyesha njia fupi. Kila hesabu hupewa namba inayotokana na sehemu zake, na namba hiyo huelekeza mahali pa kutazama katika jedwali. Hesabu ileile ikiwepo, jibu lake hutumiwa tena. Nafasi ikiwa na hesabu nyingine, hutazamwa nafasi inayofuata. Wataalamu wa IBM nchini Marekani walikuwa wameitumia mbinu hiyo ya jedwali miaka michache kabla; Ershov aliigundua kivyake.

Jina lake limebaki pia katika namba ya Ershov, inayoonyesha ni rejista chache kiasi gani zinazotosha kukokotoa fomula bila kuhifadhi majibu ya kati kwenye kumbukumbu.

Novosibirsk na elimu

Katika miaka ya 1960 alifanya kazi Novosibirsk, Siberia, ambako kikundi chake kiliunda kompaila ya Alpha kwa kompyuta M-20. Nayo iliondoa hesabu zinazojirudia na kubana matumizi ya kumbukumbu. Alikuwa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi kuanzia 1984.

Mwaka 1981 alitoa hoja kwamba kuandika programu ni aina ya pili ya kujua kusoma na kuandika. Mwaka 1985 somo la informatiki lilianza katika shule za sekondari za Kisovyeti, naye alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu chake cha kiada. Shule nyingi hazikuwa na kompyuta, kwa hiyo wanafunzi wengi walijifunza algoriti kwa kalamu na daftari.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 57. Taasisi ya Mifumo ya Informatiki ya Novosibirsk ina jina lake.