Zheng He, Nahodha Mkuu wa Uchina

Hapa kwetu Kiuu bahari hatuioni, lakini hebu niwasimulie juu ya Zheng He, ambaye msafara wake ulifika hadi Malindi yetu.

Alizaliwa mwaka wa 1371 huko Yunnan, katika familia ya Kiislamu. Akiwa bado mtoto tu, jeshi la wafalme wa Ming liliteka nchi yao. Babake alifariki, naye akahasiwa na kufanywa mtumishi wa mwana wa mfalme. Kijana hakukata tamaa. Bwana wake alipotwaa ufalme mwaka wa 1402, alimpandisha cheo.

Kuanzia 1405 hadi 1433 aliongoza safari saba. Ile ya kwanza ilikuwa na watu zaidi ya 27,000! Alibeba hariri na vyombo vya kauri, lakini wanajeshi pia. Huko Sri Lanka alimpiga mfalme akamteka. Malindi yenyewe ilituma twiga Uchina mwaka wa 1415, ikapata heshima.

Alifariki karibu na mwaka wa 1433. Baada yake Uchina iliacha safari hizo, na Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498, hakukuta meli zake.

Leo manowari za Uchina zimerudi upande wetu. Tangu 2017 zina kituo Djibouti. Mimi naona mgeni mwenye zawadi na upanga katika jahazi moja tumkaribishe vizuri, lakini tusisinzie. Ama mwaonaje, wenzangu?