Kishore Kumar: Mchekeshaji Aliyekunywa Dawa Akatoweka

Enzi ambazo picha za Kihindi zilikuwa zikijaza sinema za Regal, Naaz na Majestic hapa Mombasa, mtu wa Likoni alivuka kwa feri, wa Kisauni akapita daraja la kuelea la Nyali, maana hili la sasa halikufunguliwa hadi mwaka 1980, na wa Changamwe akaja kwa njia ya Makupa. Wengi wao hawakujua Kihindi, nao walirudi makwao usiku wakiimba. Na miongoni mwa walioimbwa njiani ni bwana mmoja aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1929 katika mji wa Khandwa, huko Bara Hindi, akapewa jina la Abhas Kumar Ganguly. Ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Kishore Kumar.

Babake alikuwa wakili, na yeye alikuwa kitinda mimba wa watoto wanne. Nduguye mkubwa, Ashok Kumar, alimtangulia kwa miaka 18, na Kishore alipofika Bombay alimkuta Ashok keshakuwa nyota mkubwa wa sinema. Kijana mwenyewe hakutaka kuigiza. Hamu yake ilikuwa kuimba, na alimpenda mno mwimbaji K. L. Saigal hata akawa anamuiga, mpaka mtunzi wa muziki S. D. Burman alipomshauri aache sauti ya mtu na atafute yake. Lakini ndugu mkubwa alimtaka awe mwigizaji, na kauli ya mkubwa, kama tujuavyo, haivunjwi kwa urahisi.

Basi akaigiza, tena kwa vituko. Mwaka 1958 ndugu watatu, yaani Ashok, Anoop na Kishore, walitoka pamoja katika picha ya Chalti Ka Naam Gaadi, inayohusu ndugu watatu wenye gereji, na mpaka leo ni nadra kupata kichekesho cha Kihindi kilichopita kile. Katika Half Ticket ya mwaka 1962, mtu mzima huyu alivaa kaptula akajifanya mtoto ili alipe nusu ya nauli ya treni!

Sasa tuje kwa ile dawa. Mwaka 1957 Ashok Kumar alicheza picha iliyoitwa Mr. X, ya mtu aliyekunywa dawa ya maabara akawa haonekani kwa macho. Ilikuwa ni sayansi iliyokwenda mrama, na watazamaji waliipenda. Miaka saba baadaye, mwaka 1964, jina lile likarudi katika Mr. X in Bombay iliyoongozwa na Shantilal Soni, na safari hii aliyetoweka ni mdogo mtu. Haikuwa hadithi ile ile ikiendelezwa. Kilichoendelea ni jina, dawa, na ukoo! Kishore akicheza na Kumkum alikuwa mshairi mpenzi, anayeingia na kutoka pasipo kuonekana, huku maadui wakihangaika. Kwa maoni yangu picha yenyewe si kubwa. Kilichobaki ni wimbo wake mmoja wa huzuni, uliotungwa na Anand Bakshi na kutiwa muziki na Laxmikant na Pyarelal, ambao ndani yake mna maneno mahbub na kiyama. Maneno hayo mtoto wa chuoni hahitaji mkalimani.

Na huzuni ile haikuwa ya kuazima. Mwaka 1960 Kishore alimuoa Madhubala, binti wa Kiislamu ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mumtaz Jehan, mzuri wa wazuri katika sinema ya zama zile. Bibi huyu alikuwa na tundu moyoni tangu kuzaliwa. Mume alimpeleka London, na madaktari wakasema hapana la kufanya. Akarudi, akaishi zaidi kwa wazazi wake, mumewe akimzuru. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiruka na kupiga mbinja mbele ya kamera mwaka ule wa 1964 alikuwa na mke mgonjwa kitandani, na madeni ya kodi ya serikali juu yake. Picha nyingi za mzaha alizikubali kwa sababu ya fedha. Ile aliyoitaka moyoni aliitoa mwaka huo huo kwa mali yake: Door Gagan Ki Chhaon Mein, aliyoiongoza na kuitilia muziki mwenyewe, ya askari arudiaye vitani akakuta jamaa zake wameteketea kwa moto na mtoto aliyesalia ni bubu. Mtoto huyo alichezwa na mwanawe, Amit.

Madhubala alifariki tarehe 23 Februari 1969, akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka ule ule ilitoka picha ya Aradhana, ambamo Rajesh Khanna anafungua kinywa na sauti ni ya Kishore. Toka hapo akawa asiyeonekana kwa kweli, na hakuhitaji dawa: kwa miaka 18 iliyobakia uso ulikuwa wa wengine na sauti yake. Alipata tuzo ya Filmfare mara nane kwa uimbaji. Mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari, alikataa kuimba katika mkutano wa chama tawala, na redio ya serikali ikazizuia nyimbo zake.

Huku kwetu sauti zile zilipata nyumba ya pili. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana pwani nzima kwa kuzivisha sauti za Kihindi mashairi ya Kiswahili. Kazi hiyo si nyepesi, kwani wimbo wa Kihindi hauna mizani yetu, na mshairi asiye hodari hujikuta anavuta silabi kama mpira.

Kishore alifariki Bombay kwa maradhi ya moyo tarehe 13 Oktoba 1987, na maiti yake ikapelekwa Khandwa kama alivyotaka. Siku hiyo Ashok alikuwa anatimiza miaka 76. Aliishi hadi mwaka 2001, na hakuisherehekea tena siku yake ya kuzaliwa.