Mama Asiye na Mume Katika Manyatta ya Wajir

Katika lugha yetu msichana anayepata mimba kabla ya ndoa husemwa kuwa ameharibika. Kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka, kauli isiyomtaja mtendaji. Kwa hiyo mwanamume aliyehusika huponyoka lawama hata katika sarufi. Kila nisikiapo habari za wasichana wa Garissa, Wajir na Mandera walioacha masomo kwa ajili ya mimba, fikra zangu humwendea mwanamke mmoja wa Italia ambaye hakuolewa wala hakuzaa, lakini aliishi miaka mingi miongoni mwa watu waliokataliwa na jamaa zao.

Annalena Tonelli alizaliwa Forlì mnamo 2 Aprili 1943. Alisomea sheria, ila mahakamani hakwenda; kwa miaka sita aliwahudumia maskini wa mji wake, wakiwemo watoto yatima na wasichana walioumizwa na maisha. Mwaka 1969 alifika Kenya akiwa mwalimu, na muda si mrefu akahamia Wajir, kaskazini ya Garissa, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki.

Hebu msomaji afikirie hali yake. Alikuwa kijana, Mzungu, Mkristo katika nchi ya Waislamu, na zaidi ya yote hakuwa na mume. Kwa Wasomali, kama ilivyo kwa wengi wetu, mwanamke asiyeolewa ni kitendawili. Alivumilia kushukiwa na kudharauliwa, wala hakujaribu kumbadili mtu dini. Yeye na wenzake walifungua kituo cha watoto walemavu, wengi wao wakiwa wamepooza kwa polio, na wengine vipofu na viziwi. Watoto hao waliwalea kama wana wao. Basi ikawa katika mji ule kuna nyumba ya akina mama wasio na waume, na watoto wao wakala, wakavaa, wakasoma.

Lakini jina lake limeshikamana hasa na kifua kikuu. Ugonjwa huo, ambao Wasomali huuita qaaxo, ulikuwa fedheha: mgonjwa aliukana na jamaa wakauficha. Aidha tiba ya siku zile ilidumu mwaka na zaidi, na mfugaji anayehamahama alikwenda zake pindi alipopata nafuu kidogo. Mwaka 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya wafugaji hao. Badala ya kuwalaza wodini, aliwaacha wagonjwa wasimamishe vibanda vyao karibu na kituo, ikawa manyatta kamili. Hapo walikaa miezi sita, kila siku wakimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Katika miaka ya 1990 Shirika hilo lilieneza ulimwenguni kote utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa.

Hapa ndipo ninapotaka walimu wenzangu watue kidogo. Tangu 1994 sera ya Kenya humruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo wa mwaka 2020 umefafanua namna ya kumpokea. Ruhusa hiyo ni jambo jema. Hata hivyo dawa nazo zilikuwapo Wajir kabla ya manyatta. Kilichokosekana ni mahali ambapo mgonjwa angeweza kukaa bila aibu mpaka tiba iishe. Msichana mwenye mtoto wa miezi mitatu, ambaye nyumbani hatakiwi, atamwachia nani mtoto wakati wa kipindi cha hesabu? Shule ikiwa na chumba kimoja kando ya lango na bibi mmoja wa kulea anayelipwa mshahara, ruhusa ile itakuwa na maana. Makanisa yetu, ambayo aghalabu huwa mepesi wa kuuliza nani alitenda dhambi, yangeweza kulipa mshahara huo. Tonelli hakumwuliza mgonjwa aliupata wapi ugonjwa.

Mwezi Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Serikali ilitaja vifo 57. Wenyeji wanataja maelfu. Wanawake wengi walibaki wajane na watoto mikononi. Tonelli aliwaokota majeruhi, akazika maiti, akasaidia kukusanya majina ya waliokufa na kuwezesha habari zile kufika nje ya nchi. Mwaka uliofuata alifukuzwa Kenya.

Alihamia Somalia: Beletweyne, Mogadishu, Merca, na mwisho Borama. Huko alijenga hospitali ya kifua kikuu, akaanzisha shule ya viziwi, na kupiga vita ukeketaji, desturi ambayo huwatesa wanawake hadi siku ya kujifungua. Mnamo Juni 2003 alipewa Tuzo ya Nansen na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 60, aliuawa kwa risasi katika hospitali yake, jioni, karibu na wagonjwa wake.