Sokoine na mlango wa nyuma wa maduka ya umma

Wadau, kila ikifika Aprili mambo mawili yanagongana. Ripoti ya CAG inatua Bungeni, tunaanza kusoma shirika gani la umma limelipa hewa na lipi limenunua kitu kwa bei ya kuruka. Halafu tarehe 12 tunamkumbuka Edward Moringe Sokoine. Mimi nimezaliwa miaka mingi baada ya yeye kufa, na elimu yangu imeishia kidato cha nne, kwahiyo hapa sijifanyi profesa. Ila nimechoka kuona anatajwa kama mtakatifu tu bila watu kusema alipambana na nini hasa.

Alizaliwa Monduli, Agosti 1938. Akasoma hukohuko, kisha Umbwe sekondari kule Kilimanjaro. Mwaka 1961 akajiunga na TANU, akapelekwa Ujerumani kusomea utawala, akarudi kufanya kazi wilayani kwao Umasaini. 1965 akawa mbunge akiwa na miaka 27. Baada ya hapo ni ngazi tu: naibu waziri 1967, Waziri wa Nchi 1970, Ulinzi 1972, Waziri Mkuu Februari 1977.

Sasa hapo ndipo penyewe. Aliingia ofisini siku chache tu baada ya CCM kuzaliwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. 1978 Idi Amin akavamia Kagera, vita ikala hela zote. Mafuta yakapanda bei. Novemba 1980 Sokoine akajiuzulu, sababu iliyotolewa ikiwa ni afya. Baadaye akaenda kusoma Yugoslavia. Februari 1983 Mwalimu Nyerere akamrudisha kwenye kiti kilekile.

Nchi aliyoikuta ilikuwa hoi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga hakuna. Lakini jamani, vitu havikuwa vimekwisha kabisa! Vilikuwa vinapitia mlango wa nyuma. Wakati ule mashirika ya umma yalizidi 300. NMC ndiyo ilinunua na kusaga nafaka, kila mkoa ulikuwa na RTC yake ya kusambaza bidhaa, na Tume ya Bei ilipanga kila kitu kiuzwe shilingi ngapi. Bei ya serikali ilikuwa ndogo, bei ya mtaani mara kadhaa zaidi. Ile tofauti ndiyo ilikuwa ulaji wa mabosi. Meneja hakuhitaji kuvunja kabati la fedha. Anaandika kimemo kimoja tu, katoni za sabuni zinatoka ghalani kwa bei halali, zinaishia kwa mlanguzi, halafu wanagawana. Kwenye vitabu hesabu inakaa sawa kabisa. Mwananchi aliyepanga foleni tangu alfajiri anaambiwa mzigo umekwisha.

Na hasara ya mashirika nani alilipa? NMC ilikuwa inakopa NBC, benki ambayo nayo ni ya serikali, deni linavimba kila mwaka. Kwahiyo mkulima anacheleweshewa malipo ya mahindi yake, halafu hela ya nchi inaenda kuziba shimo. Hapo ndipo ninapoona wizi wa ofisi ya umma ni mbaya kuliko wa kibaka. Kibaka anakuibia simu moja. Huyu anakuibia mara mbili, na bado unamsalimia mzee shikamoo.

Mwishoni mwa Machi 1983 msako ukaanza. Mamia ya watu walikamatwa, wafanyabiashara, maofisa wa mashirika, hata watu wa chama. Wazee wanasimulia mitumba ya vitenge na mabati iliokotwa barabarani, watu wametupa usiku wasije wakakutwa nayo. Wananchi walishangilia sana, msidanganywe.

Ila na mimi niseme langu. Ile sheria ya wahujumu uchumi ilipitishwa msako ukiwa umeshaanza, ikarudishwa nyuma ifunike waliokwisha kamatwa. Kesi zilienda kwenye baraza maalum, mtuhumiwa hana wakili na hana rufaa mahakama za kawaida. Hilo halikuwa sawa hata kidogo. Ukimnyima mtu wakili unamtesa asiye na hatia, na mwizi mwenyewe naye anapata pa kujitetea kwamba ameonewa. Wengi waliachiwa kwa kukosa ushahidi. Ndiyo matatizo ya kuwinda mtu aliyeiba kwa kimemo: karatasi haina kosa.

Kitu ambacho watu wanakisahau ni kwamba Sokoine huyohuyo aliona polisi peke yao hawatoshi. Dar es Salaam usafiri ulikuwa mali ya UDA, shirika la umma, na mabasi yake yalikuwa yamechoka, mengi hayatembei. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa kubeba abiria. Nauli shilingi tano, ile sarafu iliyoitwa dala, na ndiyo tukapata daladala. Mimi naona hili lilimsaidia mtu wa Manzese kuliko kesi zote za lile baraza. (Najua kuna watakaonirukia hapa, poa tu.)

Tarehe 12 Aprili 1984 alikuwa anatoka Dodoma bungeni kwenda Dar kwa gari. Maeneo ya Dakawa, Morogoro, wakagongana na gari jingine, akafa. Alikuwa na miaka 45. Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza msiba redioni. Maneno ya kwamba aliuawa yapo mpaka leo, ila mimi ushahidi sijauona popote, kwahiyo sitayaendeleza. Akazikwa Monduli Juu.

Mwaka huohuo Bunge likafuta ile sheria, likaweka nyingine iliyorudisha kesi za uhujumu Mahakama Kuu, mawakili wakaruhusiwa. Na bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Sabuni ikarudi madukani. Kimemo cha meneja wa RTC kikakosa thamani bila yeyote kufungwa. Chuo cha kilimo pale Morogoro kikapewa jina la Sokoine.

Wenye umri mliopanga zile foleni, wekeni chini hapo mkoa wenu RTC ilikuwaje. Na kama kuna aliyefanya kazi ghalani aseme tu, hatumtaji.