Nelson Mandela na Vitabu vya Vita

Jina la Nelson Mandela si geni kwetu sisi wa Morogoro. Mazimbu tunaifahamu, na makaburi ya wana wa Afrika Kusini waliofia ugenini yapo huko hata leo. Lakini wengi wetu tunamjua Mandela kwa habari moja tu, yaani yule mzee aliyetoka kifungoni baada ya miaka 27 akawasamehe waliomfunga. Habari hiyo ni ya kweli, ila ni nusu yake. Kabla ya kuwa mzee wa amani alikuwa amiri wa jeshi la siri, na alipopewa uamiri huo hakuwa amepata kuwa askari hata siku moja. Vita alijifunza vitabuni. Ni vitabu gani alivyosoma, na vya vita vya nani, ndiyo habari tunayopenda kuisimulia hapa.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1918 katika kijiji cha Mvezo, nchi ya Transkei. Alibatizwa katika Kanisa la Methodisti na kusomeshwa katika shule za misioni. Baada ya kufiwa na baba yake alilelewa kwa mtawala wa Wathembu, huko Mqhekezweni. Wazee walipokutana barazani mtoto huyu alikaa karibu kuwasikiliza. Alikuwapo mmoja, Chifu Joyi, aliyesimulia vita vya mababu kwa moto mwingi, na kuwaonya vijana kwamba vitabu vya shule vimeanza historia ya nchi yao mwaka 1652, siku Mholanzi Jan van Riebeeck alipotia nanga, kana kwamba kabla yake hapakuwa na watu. Sisi tuliofundisha historia tunajua jinsi onyo la namna hiyo linavyokaa katika moyo wa mtoto.

Katika chuo cha Fort Hare alimsikia Jenerali Jan Smuts akihutubia wanafunzi juu ya vita dhidi ya Wajerumani wa Hitler. Smuts huyo milima yetu ya Uluguru inamfahamu. Majeshi yake yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na von Lettow-Vorbeck na askari wake wakamponyoka kwa njia za milimani mpaka Kisaki. Jambo la ajabu ni kwamba Smuts mwenyewe, katika vita vya Makaburu na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, alikuwa amewasumbua Waingereza kwa njia hiyo hiyo ya kupiga na kutoweka. Hapa kwetu mwindwa wa zamani aligeuka mwindaji, na windo lake hakulipata. Waliolipa zaidi ni wapagazi, maelfu kwa maelfu, waliokufa kwa njaa na magonjwa katika vita visivyowahusu. Mandela, kijana wa miaka ishirini na ushei, alimpigia makofi Smuts. Aliandika baadaye kwamba alifurahi kuona Kiingereza cha jenerali kina lafudhi nzito karibu kama chake.

Miaka ya siasa tuipite upesi. Aliingia chama cha ANC, na mwaka 1952 akafungua ofisi ya uanasheria Johannesburg pamoja na Oliver Tambo, Mwanglikana mwenzetu ambaye alitaka kuwa kasisi na alikuwa amekwisha kukubaliwa na askofu wake, kabla ya kukamatwa kwa kesi ya uhaini mwaka 1956. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 huko Sharpeville, na ANC ikapigwa marufuku. Mwaka uliofuata, baada ya mabishano marefu, maana Chifu Albert Luthuli na wengine hawakupenda kuacha njia ya amani, Mandela alipewa kazi ya kuunda jeshi.

Akajificha katika shamba la Liliesleaf, Rivonia, akivaa ovaroli la buluu na kujiita David Motsamayi, mtumishi wa kutunza nyumba. Humo ndimo aliposoma usiku na mchana. Alisoma maandishi ya Mao na ya Che Guevara, na kitabu cha Edgar Snow juu ya vita vya China. Alimsoma Clausewitz, jenerali wa Prusia, aliyefundisha kwamba vita havisimami peke yake bali hutumikia siasa. Alisoma kitabu cha Menachem Begin, maana watu wa Begin walipigana katika nchi isiyo na milima wala misitu ya kujificha, na Mandela aliona hali ya kwao ni kama hiyo. Wao hawakuwa na Uluguru.

Lakini kitabu tunachotaka msomaji akikumbuke ni Commando, cha Deneys Reitz. Reitz alikuwa Kaburu, mtoto wa rais wa Orange Free State. Aliingia vitani akiwa na miaka 17, akapanda farasi chini ya Smuts, na baadaye akamfuata Smuts huyo huyo mpaka Afrika Mashariki. Mandela alisoma habari za Makaburu kama watu wadogo waliopigana na dola kubwa kuliko zote za wakati ule, wakachomewa mashamba, wake zao na watoto wao wakafa makambini, wakashindwa, na bado hawakusahau. Mtu mweusi aliyewindwa na serikali ya Makaburu alikuwa amejifungia chumbani akijifunza ushujaa wa baba zao. Kwa maoni yetu hapo alipata faida kubwa kuliko ile ya kujua namna ya kuvunja reli. Alijua sasa kwamba adui yake ana kidonda.

Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 14, anamtaja mfalme anayeketi kwanza kuhesabu kama askari wake elfu kumi wataweza kumkabili mwenye elfu ishirini. Mandela aliketi hivyo. Aliona njia nne mbele yake: hujuma ya mali, vita vya msituni, ugaidi, na mapinduzi ya wazi. Akachagua hujuma, kwa kuwa haikukusudia kuua mtu, na ingeacha nafasi ya mataifa hayo mawili kuishi pamoja baadaye. Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, ulianza kazi tarehe 16 Desemba 1961, sikukuu ambayo Makaburu waliadhimisha ushindi wao juu ya Wazulu wa mwaka 1838.

Katika shamba lile kuna kisa kidogo alichokieleza mwenyewe. Alikuwa akijizoeza shabaha kwa bunduki ya upepo, akalenga ndege mtini, na ndege akaanguka. Alipotaka kujisifu, mtoto wa miaka mitano wa nyumba ile akamlaumu huku akilia, kwamba mama wa ndege yule atahuzunika. Amiri wa jeshi akaona haya mbele ya mtoto.

Januari 1962 alitoka nchini kwa siri, akatua Mbeya katika Tanganyika iliyokuwa na uhuru wa wiki chache tu. Katika hoteli ya pale aliona weusi na weupe wameketi pamoja barazani, jambo ambalo hakuwa amelizoea. Dar es Salaam alizungumza na Mwalimu Nyerere, ambaye hakuafiki haraka ya kuanza vita. Akapata mafunzo ya kijeshi Ethiopia, na aliporudi kupitia Dar es Salaam vijana 21 waliokuwa njiani kwenda kufundishwa huko walimpigia saluti. Ilikuwa saluti ya kwanza kwake kutoka kwa askari wake. Tarehe 5 Agosti 1962 alikamatwa karibu na Howick.

Vitabu vilimfuata mahakamani. Polisi walipovamia Liliesleaf mwezi Julai 1963 walikuta kurasa nyingi za mwandiko wake, muhtasari wa vitabu alivyosoma. Alikuwa ameomba ziharibiwe, lakini wenzake walizihifadhi. Kizimbani hakuzikana. Alieleza kwamba alijifunza sanaa ya vita kwa waandishi wa kila upande, tangu Mao na Guevara hata wale walioandika habari za Makaburu. Tarehe 12 Juni 1964 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Katika kisiwa cha Robben walinzi waliogopa vitabu kuliko visu. Hadithi ya kubuni ya H. G. Wells juu ya viumbe kutoka sayari ya Mars ilikataliwa, kwa sababu neno vita limo katika jina lake. Kwa namna isiyoelezeka kitabu kikubwa cha Tolstoy, War and Peace, kilipita, ingawa vita vimetangulia katika jina lake pia. Mandela alikirudia mara nyingi. Alimpenda Jenerali Kutuzov, mzee aliyedharauliwa na wakuu wa Urusi, aliyekubali kurudi nyuma akamwacha Napoleon aingie ndani, kwa sababu aliwajua askari wake na nchi yake. Miaka hiyo hiyo, alipokuwa akivunja mawe ya chokaa, wenzake wa ANC walikutana hapa mjini kwetu, tangu tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, kusahihisha mwendo wa vita na kuwafungulia uanachama watu wa rangi nyingine. Mandela naye gerezani alijifunza lugha na historia ya Makaburu, na baadhi ya wafungwa wenzake hawakupendezwa.

Tarehe 5 Julai 1989, akiwa bado mfungwa, alipelekwa kwa Rais P. W. Botha. Alizungumza naye juu ya uasi wa Makaburu wa mwaka 1914, ndugu walipopigana na ndugu, akasema vita vya watu wake vinafanana na huo. Botha hakukubali, lakini mazungumzo yalikuwa ya adabu. Kisha akaja Jenerali Constand Viljoen, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya nchi, ambaye Makaburu wenye silaha walimtazamia awaongoze kupinga uchaguzi. Mandela alikutana naye na kumsikiliza. Mwaka 1994 Viljoen aliingia katika uchaguzi, na chama chake kikapata viti tisa bungeni.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka huo, Long Walk to Freedom, Mandela alivitaja vitabu hivyo kwa majina, cha Reitz kikiwamo, ili atakaye avitafute.

Alifariki tarehe 5 Desemba 2013 na kuzikwa Qunu siku kumi baadaye. Mizinga 21 ilipigwa. Jeshi lililompa heshima hiyo liliundwa mwaka 1994 kwa kuwaunganisha wapiganaji wa Mkuki wa Taifa na askari waliokuwa wakiwawinda.