Ge Hong, tabibu wa China ya kale ambaye mmea wake unatibu malaria hadi Kindu

KINDU, Maniema – Mgonjwa wa malaria anayepewa vidonge vya artesunate na amodiaquine katika kituo cha afya, awe wa Kasuku, wa Mikelenge au wa ng'ambo ya mto huko Alunguli, anameza dawa ambayo historia yake inaanzia mbali sana na mto Lualaba. Inaanzia China, kwa mtu aliyeitwa Ge Hong, aliyezaliwa mwaka 283, zaidi ya miaka 1,700 iliyopita.

Ge Hong hakujua kwamba malaria inaletwa na mbu. Mengine aliyoyaamini yalikuwa hatari kwa uhai wa binadamu. Lakini mstari mmoja alioandika katika kitabu cha dawa za maskini ndio uliowaonyesha wanasayansi njia katika karne ya 20. Hapa Maniema, ambako chai ya artemisia imezusha mabishano makali, maisha ya mtu huyo yana mengi ya kufundisha.

Yatima aliyekata kuni ili asome

Ge Hong alizaliwa Jurong, eneo ambalo leo liko katika jimbo la Jiangsu, mashariki mwa China. Ukoo wake ulikuwa na watumishi wa serikali, na baba yake alikuwa kiongozi wa eneo. Baba huyo alifariki Ge Hong akiwa na miaka 13 tu kwa hesabu ya Kichina. Vita vilikuwa vimeharibu vitabu vya nyumbani, na familia ikaanguka katika umaskini.

Katika maelezo aliyoyaandika mwenyewe kuhusu maisha yake, anasimulia kwamba alilima shamba, na alikata kuni akaziuza ili apate karatasi na kalamu. Vitabu aliviazima kwa watu, akitembea mwendo mrefu kuvifuata, kisha akavinakili kwa mkono.

Babu yake mdogo, Ge Xuan, alikuwa na sifa kubwa katika elimu ya dawa na siri za dini ya Tao. Mwanafunzi wa babu huyo, Zheng Yin, ndiye aliyemfundisha Ge Hong.

Askari, kisha mkimbizi

Mwaka 303 uasi ulizuka katika eneo lao na Ge Hong akaingia jeshini kama ofisa. Waasi waliposhindwa, alipewa vitambaa kuwa zawadi. Wakati maofisa wengine walificha vya kwao au kuvipeleka nyumbani, yeye aliwagawia askari wake na jamaa zake maskini.

Baada ya hapo alitaka kwenda Luoyang, mji mkuu, kutafuta vitabu. Vita kati ya wakuu wa ufalme vilifunga barabara. Akakimbilia kusini, Guangzhou, ambako afisa mmoja rafiki yake alikuwa amempa kazi. Rafiki huyo aliuawa, na Ge Hong akabaki ugenini kwa miaka kadhaa, bila kazi ya serikali na bila njia salama ya kurudi kwao.

Kusini mwa China ni nchi ya joto, mvua na homa, hali ambayo mkaaji yeyote wa Maniema anaielewa. Huko alimuoa Bao Gu, binti wa afisa Bao Jing. Bao Gu anakumbukwa China hadi leo kama mwanamke mtaalamu wa tiba ya kuchoma majani makavu karibu na ngozi ili joto lake liingie mwilini. Majani hayo hutoka kwenye mmea wa jamii ya artemisia, ndugu wa ule uliokuja kutoa dawa ya malaria.

Kitabu cha kubeba nyuma ya kiwiko

Ge Hong alikusanya kwanza maagizo ya dawa katika kazi kubwa ya sehemu 100. Kisha akaona tatizo: vitabu vikubwa vya tiba vilitaja dawa za bei kali ambazo mtu wa kijijini hangeweza kununua, na usiku wa manane mgonjwa akizidiwa hakuna muda wa kupekua sehemu 100.

Ndipo akaandika kitabu kifupi cha dawa za dharura. Jina lake la Kichina linahusu kitu kinachobebwa nyuma ya kiwiko, yaani kwenye mkono wa kanzu, tayari kutumika. Alichagua mimea inayopatikana kirahisi na kwa gharama ndogo. Kwa kuwa kuchoma sindano kunahitaji fundi anayejua mwili, alipendelea tiba ya joto la majani, ambayo watu wa nyumbani waliweza kuifanya.

Kitabu hicho kina maelezo ambayo ni kati ya ya kwanza kabisa duniani kuhusu ndui. Kinaeleza pia homa inayoletwa na wadudu wadogo sana wanaong'ang'ania ngozi. Na katika maagizo yake mengi juu ya homa zinazokuja na kuondoka kwa baridi na joto, kuna moja fupi sana: chukua mmea wa qinghao, mkono ukijaa, uloweke katika maji yasiyofikia nusu lita, ukamue, kisha unywe yote.

Usawa wa kila siku

Kitabu chake kingine mashuhuri, Baopuzi, alikimaliza mnamo mwaka 317. Humo anaeleza namna ya kulinda uhai. Kwa mawazo ya Wachina wa wakati wake, mwili una nguvu ya uhai inayotembea ndani yake, na ugonjwa huingia pale mtu anapoitumia kupita kiasi.

Kwa hiyo mafundisho yake ya kila siku yalikuwa ya kiasi. Mtu asingoje njaa imzidie ndipo ale, wala asile hadi tumbo kujaa kabisa. Asikae mahali pamoja muda mrefu, wala asilale kupita kiasi. Avae nguo nzito kabla baridi haijampata. Asichoshe macho kwa kukodoa. Aliongeza mazoezi ya pumzi na ya kunyoosha viungo, ambayo leo yanaonekana katika michezo ya Kichina ya taratibu inayofanywa na wazee kwenye bustani za miji mingi duniani.

Zebaki, kosa lililoua wengi

Lakini Ge Hong huyohuyo aliamini kwamba mimea na mazoezi hurefusha maisha tu, na kwamba anayetaka kuishi milele lazima ameze dawa iliyotengenezwa kwa madini. Dawa hiyo ilihitaji jiwe jekundu lenye zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia kunasia dhahabu.

Zebaki ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu na figo. Katika karne zilizofuata, watawala kadhaa wa China walikufa kwa kumeza dawa za aina hiyo wakitafuta uzima wa milele.

Uzeeni Ge Hong aliomba kazi katika eneo la mbali la kusini kwa sababu alisikia jiwe hilo linapatikana huko. Njiani, mkuu wa Guangzhou alimshawishi abaki. Akapanda mlima Luofu, akaishi huko akiandika na kupika dawa zake hadi kifo chake, kinachowekwa na wengi mwaka 343.

Mstari mmoja wafufuka

Kitabu cha dharura kilinakiliwa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, malaria ilikuwa inaua askari wengi, na dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Serikali ya China ikaanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya.

Mtafiti Tu Youyou na wenzake walikusanya maagizo ya kale zaidi ya 2,000. Qinghao ilionyesha matumaini, kisha ikashindwa. Tu Youyou aliporudia maandishi ya Ge Hong, aligundua kitu: tabibu huyo hakuchemsha mmea, aliuloweka na kuukamua. Huenda moto ndio uliokuwa unaharibu dawa. Akatumia njia ya joto la chini, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote katika panya wa maabara.

Mwaka uliofuata watafiti walijijaribia wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Kemikali waliyoipata ni artemisinini. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza ichanganywe na dawa nyingine, na mwaka 2005 Kongo ikachagua mchanganyiko wa artesunate na amodiaquine. Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mabishano yaliyofika Maniema

Mwaka huohuo wa 2015, chai ya artemisia ilijaribiwa kwa wagonjwa wa malaria hapa Maniema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kimataifa yalidai kuwa chai ilishinda vidonge. Habari hiyo ilienea haraka, lakini baadaye jarida liliiondoa makala hiyo. OMS nayo ilitangaza mwaka 2019 kwamba haiungi mkono matumizi ya mmea wenyewe, kwa chai au unga, kutibu au kuzuia malaria.

Sababu zinaeleweka. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Aina ya artemisia ya Afrika karibu haina kemikali hiyo. Tena artemisinini hutoka mwilini baada ya saa chache, ndiyo maana huwekwa pamoja na dawa inayokaa muda mrefu zaidi. Kipimo kidogo huacha vimelea hai, na vilivyobaki hujifunza kuhimili dawa. Dalili za usugu huo tayari zimeonekana katika nchi jirani za Rwanda na Uganda.

Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na wanaokufa zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto wa Kindu mwenye homa, siku mbili za kusubiri chai ifanye kazi zinaweza kuwa ndizo za mwisho.

Kuhusu kula kwa kiasi, kupumzika na kunyoosha viungo, mafundisho ya Ge Hong hayamdhuru mtu. Qinghao yake ilipimwa maabara, ikatengwa na kuwekewa kipimo, na sasa iko ndani ya kidonge kinachomezwa kwa siku 3 bila kukatisha. Zebaki yake ilipopimwa, ilikutwa ni sumu.